Pitaya Imefika Mashimoni!

Nimeuona kwa macho yangu! Mashimoni, ndani ya Kibera, Nairobi, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu ndipo mwenzake apite, kuna mpitaya. Umepandwa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, umeikumbatia nguzo, na mikono yake imeshapita ukingo wa mabati na kuanza kuinama upande wa pili, juani. Tunda lake wengi mnalijua kwa sura tu: lile la waridi lenye magamba ya kijani yaliyochongoka, linalokaa kwenye rafu ya supamaketi kwa bei inayozidi paketi ya unga wa kilo mbili. Tunda la joka, ndilo hilo. Mmea unaolizaa uko hapa kwetu, unakua, na una afya kuliko sukuma wiki iliyo pembeni yake.

Nimefurahi kiasi hiki kwa sababu nimeutafuta kwa muda mrefu mti wa matunda unaoufaa mtaa huu, na kila niliopendekezewa ulitaka kitu ambacho hatuna. Mparachichi unataka ardhi. Mwembe unataka ardhi na joto la Makueni juu yake. Mpapai unakubali nafasi ndogo, lakini upepo mmoja tu, au mpira mmoja wa watoto, kwisha habari. Mpitaya haudai shamba. Unadai chombo chenye matundu, nguzo imara na jua huko juu. Hivyo vitatu Mashimoni vipo.

Hebu tuutazame vizuri. Hauna majani hata moja. Shina lenyewe, nene, la kijani, lenye pembe tatu, ndilo linalofanya kazi ya majani. Ngozi yake imefunikwa nta, ukipitisha kidole unateleza mpaka ufike kwenye ukingo, na hapo uwe mwangalifu, kwa maana kila baada ya sentimita chache kuna kishada cha miiba mifupi. Si mirefu, lakini mtoto akipita mbio ataijua. Upande unaogusa nguzo umetoa mizizi ya hewani, myembamba, ya rangi ya kahawia, imejibandika kwenye mbao kiasi kwamba nilipouvuta kidogo haukubanduka. Ncha ya mkono mchanga ni ya kijani kibichi inayong'aa, laini bado, na ndiyo inayotafuta njia ya kupanda juu. Nilisimama pale nikaitazama hadi jirani mwenye mmea akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni jinsi umbo la mmea huu linavyokubaliana na umbo la mtaa wetu. Mpitaya ni jamii ya dungusi, ndugu wa mpungate, na mtu akisikia dungusi anafikiria jangwa. Lakini kwao, Meksiko na Amerika ya Kati, huu ni mmea wa msituni. Huanzia chini kwenye kivuli, mizizi yake ikiwa ndani ya takataka za majani yaliyooza, kisha hukwea mti au mwamba mpaka ufikie mwanga, na ukishafika juu huachia mikono yake ining'inie na kuanza kuzaa. Sasa simama Mashimoni saa sita mchana. Chini kuna kivuli cha kuta mbili, ubaridi na unyevu. Juu, mita mbili na kidogo tu, kuna mabati yanayowaka jua siku nzima. Miguu kivulini, kichwa juani: hivyo ndivyo mpitaya unavyopenda kuishi, na hivyo ndivyo nyumba zetu zilivyojengwa bila mtu yeyote kuufikiria mmea huu.

Kuna pia suala la maji. Hapa maji tunanunua kwa jerikeni, na bei hupanda mifereji ikikauka. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na kupitia hapo maji mengi hupotea. Mpitaya hufanya kinyume. Mchana huvifunga vitundu hivyo, usiku huvifungua, hewa inayohitaji inaingia wakati jua halipo, na maji yanabaki ndani ya lile shina nene. Ukisahau kuumwagilia wiki moja hautakulaumu. Maji uliyosuuzia mboga yanaufaa sana. Ya kufulia usiyamwage humo, kwa sababu mizizi yake haipendi chumvi, na sabuni ina chumvi za kutosha kuuchosha.

Na utamu je? Hapa nitasema wazi, maana nimesikia watu wengi wakilidharau tunda hili, na najua sababu. Wamekula lile la ndani nyeupe, lililochumwa mapema ili lisafiri, likakaa kwenye friji mpaka likapoteza ladha yote. Pitaya haiendelei kuiva ikishachumwa. Si kama ndizi au parachichi unaloliweka ndani ya unga ukalisubiri. Utamu uliokuwemo siku ya kuchuma ndio utakaokuwemo siku ya kula. Ndiyo maana anayelila la dukani na anayelila chini ya mmea wake wanazungumzia vitu viwili tofauti! Likiachwa mpaka ngozi igeuke waridi kabisa, kisha likaongezewa siku chache tena mpaka ncha za magamba zianze kunyauka, linakatika kwa kijiko, lina maji, na mbegu zake ndogo nyeusi zinapasuka menoni.

Aina ziko kadhaa. Ya ngozi ya waridi na nyama nyeupe ni ya upole, nzuri ikiwa baridi, lakini si hiyo itakayokuamsha usiku. Ya nyama nyekundu, ndugu zangu, ndiyo hasa! Rangi yake ni zambarau iliyokolea, inatia doa vidole, midomo na shati, na ladha yake ina uzito ambao nyeupe haina. (Rangi hiyo ni ya jamii ile ile inayopatikana kwenye viazisukari vyekundu vya saladi, kwa hiyo kesho yake ukienda msalani ukaona wekundu, usikimbilie hospitali.) Ipo pia ya manjano, ndogo, yenye miiba kwenye tunda lenyewe, inayolimwa sana Kolombia na Ekuado, na wajuzi huihesabu kuwa tamu kuzidi zote. Sitakuambia kwamba inatibu kisukari au presha, kama wanavyotangaza wauzaji. Ni tunda, lina nyuzinyuzi, lina maji, lina vitamini, na ni tamu. Hilo linatosha kabisa.

Safari ya mmea huu duniani ndiyo iliyonifanya niuamini. Mwaka 1830 shehena ya mimea kutoka Meksiko ilikuwa melini ikielekea China. Njiani mimea mingi ikafa. Meli ilipotia nanga Hawaii, iliyokufa ikatupwa, na kilichobaki hai, kikiwemo hiki tunachokizungumzia, kikapandwa Honolulu. Miaka sita baadaye, 1836, Sybil Bingham, mke wa mmishonari, akaupanda kwenye ukuta wa mawe wa mahali ambapo baadaye ilijengwa shule ya Punahou. Ukuta huo mpaka leo umefunikwa na mmea huo, na maua yake yakifunguka usiku watu wa Honolulu huenda kuyatazama. Shule ya Punahou ndiyo aliyosoma Barack Obama na kuhitimu mwaka 1979. Obama huyo huyo, akiwa seneta, alikuja hapa Kibera Agosti 2006 na umati ukafurika kumlaki. Alikua akiupita mmea huu kwenye ukuta wa shule yake, na sasa nao umefika!

Vietnam mmea huu ulipelekwa na Wafaransa katika karne ya 19, na wakulima wa huko, hasa eneo la Bình Thuận, wakaufanya zao la kuuza duniani kote. Walipogundua kwamba huchanua siku zinapokuwa ndefu, wakatundika balbu juu ya mashamba na kuziwasha usiku ili kuudanganya mmea uzae hata nje ya msimu. Israeli nako, kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion wakiongozwa na Yosef Mizrahi waliujaribu katika jangwa la Negev chini ya vyandarua vya kivuli, na ukakubali. Mmea uliokubali chumba cha meli, ukuta wa mawe, shamba la Vietnam na jangwa la Negev, utashindwa vipi na Kibera?

Na wenye kusema kwamba hili ni tunda la wageni, halituhusu, waende kwanza kwa mama wa kibanda cha matunda wamwangalie anachouza. Embe lilitoka Asia. Ndizi vilevile. Papai, parachichi, nanasi, pera, vyote vilitoka Amerika. Nairobi yenyewe ni mji wa miti iliyoletwa: bustani ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ya kigeni, kwa sababu reli ilihitaji kuni za kuendeshea garimoshi na miti ya asili ilikuwa inakwisha. Makadamia, ambayo leo inawalipia watu wa Murang'a, Embu na Meru karo za watoto, ililetwa kutoka Australia na mlowezi Bob Harries mwaka 1946, akaipanda karibu na Thika. Miaka 80 tu! Kuna wazee Mashimoni waliozaliwa kabla ya makadamia kufika nchini.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni jinsi ya kuuzidisha, kwa sababu hapa ndipo mpitaya unapoiacha miti mingine yote nyuma. Parachichi zuri linataka kuunganishwa: upate mche wa mbegu, upate kikonyo cha aina bora, ujue kukata, ujue kufunga, na wengi hushindwa. Mpitaya hauhitaji fundi. Unakata mkono, unaupanda, basi. Na kile utakachopata ni mmea ule ule, tunda lile lile, utamu ule ule wa mama yake. Ukipanda mbegu utasubiri miaka mitano au zaidi, na tunda litakuwa la kubahatisha. Ukipanda kipandikizi kizuri, mwaka mmoja hadi miwili unaweza kuona ua.

Nilishuhudia ukikatwa na nitaeleza kila hatua, maana kosa dogo hapa linaozesha kazi yote. Jirani hakuchagua mkono mchanga unaong'aa, japo ndio uliokuwa mzuri machoni. Alichagua uliokomaa, wa kijani kilichofifia, mgumu, usio na doa la njano wala kidonda cha kahawia, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alifuta kisu kwa spiriti, kwa sababu magonjwa ya ukungu yanayooza shina husafiri kwa kisu kichafu. Alikata mshazari, kisha akachonga ncha ya chini kutoka pande zote tatu mpaka ule uti mgumu wa katikati ukajitokeza kidogo, kwani mizizi hutokea humo. Utomvu wake unateleza kama wa bamia. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, hakuupanda. Aliutia alama kwa kalamu upande wa juu, kwa kuwa ukipandwa kichwa chini utahangaika, akausimamisha mahali pakavu penye kivuli kwa muda wa wiki nzima, mpaka kidonda kikafunga gaga gumu jeupe. Kipandikizi kibichi kikiingia kwenye udongo wenye unyevu kinaoza. Kikishafunga gaga kinaingizwa udongoni sentimita tano tu, kinafungwa kwenye kijiti, na kinamwagiliwa kidogo sana. Baada ya wiki tatu au nne ukikitikisa unahisi kimeshika.

Udongo wake ni mchanganyiko mwepesi: udongo wa kawaida, mchanga wa mjengo uliosuuzwa vizuri, na mboji au samadi iliyokaa mpaka ikapoteza harufu. Samadi ya mbuzi ipo tele hapa. Kitu cha lazima kuliko mbolea ni matundu chini ya ndoo, na yawe mengi. Ndoo ya lita 20 inatosha kuanzia, lakini mmea ukikomaa utahitaji nusu ya pipa, kwa sababu mikono yake ni mizito sana, na hiki ndicho kilema chake kikubwa. Nguzo dhaifu itavunjika. Iwe ya mti mnene au chuma, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, imekitwa ndani ya chombo kwa mawe, na ikiwezekana imefungwa pia ukutani kwa waya. Juu ya nguzo huwekwa duara la kubebea mikono inapoinama. Wakulima wakubwa hutumia saruji. Sisi tuna tairi kuukuu za bodaboda, na sijui kama kuna kitu kinachofaa zaidi ya hizo!

Kilema cha pili ni baridi. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai ya Nairobi tunaijua. Mpitaya haufi kwa baridi yetu, ila husinzia, haurefuki, unangoja. Anayetaka matunda mwaka mzima kama ya pwani atavunjika moyo. Ila hapa pia nyumba zetu zinausaidia: ukuta wa udongo hufyonza joto mchana na kulitoa usiku, kwa hiyo ua wa nyuma ya nyumba ya Mashimoni una joto kuliko shamba wazi la Limuru.

Kulima bila shamba si jambo geni Kibera. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia, na mpaka leo utaona sukuma na mchicha vikichomoza ubavuni mwa magunia kando ya milango. Watu walishajifunza kuusimamisha udongo wima. Mpitaya unaongeza ghorofa juu ya hapo: gunia la mboga chini, tunda kwenye paa.

Ua sijaliona likifunguka hapa, na nalisubiri kwa hamu ambayo siwezi kuificha. Ni jeupe, kubwa kupita kiganja, urefu wake hufika sentimita 30, na maisha yake ni usiku mmoja tu. Hufunguka jua likizama, hutoa harufu, na asubuhi jua likipanda hunyauka. Kwao huchavushwa na popo na nondo wakubwa. Mjini tusitegemee hao peke yao. Unachukua brashi laini ya rangi, ya bei ya chini kabisa kwenye duka la vifaa, unachota chavua ya manjano, unaipaka kwenye nyota iliyo katikati ya ua. Dakika moja! Kwa jinsi taa za mulika mwizi zinavyomulika mtaa mzima, hata tochi huhitaji. Ua likikubali, tunda linaiva baada ya mwezi mmoja hadi mwezi na nusu hivi, huku kwenye baridi likichukua muda zaidi. Ila zingatia hili: mpitaya mweupe kwa kawaida hujichavusha wenyewe, lakini mipitaya mingi myekundu haikubali chavua yake. Inataka chavua ya mwingine. Kwa hiyo usipande mwekundu peke yake halafu ukauita tasa.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike kwa haraka namna hii. Wengi wetu Kibera ni wapangaji, na hata mwenye nyumba hana uhakika na ardhi aliyojengea. Julai 2018, matingatinga yalipokuja kubomoa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu ya watu walibaki bila makao ndani ya siku chache, na Mashimoni ilikuwa humo, pamoja na shule za watoto wetu. Mtu wa hapa ukimwambia apande mti atakaouvuna baada ya miaka mitano anakuuliza, na ana haki ya kuuliza, utakuwa wa nani siku hiyo. Mpitaya una jibu. Tingatinga likija, au kodi ikipanda ukahama, hubebi mti. Unakata mikono mitatu, unaifunga kwa gazeti, unaitia kwenye mfuko na vyombo vyako, unaondoka. Inaweza kukaa wiki kadhaa bila udongo wala maji, na huko uendako inaota. Shamba lako lote limehamia nawe! Hakuna mti mwingine wa matunda ninaoujua unaomfaa mpangaji kwa kiasi hiki.

Na ndivyo unavyosambaa. Mmea ukichangamka unatakiwa kupogolewa, la sivyo unakuwa kichaka kisicho na matunda. Kila unachopogoa ni mche wa mtu mwingine. Jirani amempa kipandikizi binti yake aliyeolewa Kawangware, naye ameshakiotesha kwenye jerikeni lililokatwa mdomo, karibu na kituo cha 46. Kingine amekipata muuza chapati wa upande wa Lindi, humu humu Kibera. Fundi wa vyuma aliyewatengenezea nguzo alilipwa nusu pesa, nusu kipandikizi, na ndiye aliyefurahi kuliko wote. Vijana wa vikundi wanaotafuta biashara, nisikilizeni: msikimbilie kuuza tunda kwanza. Uzeni miche. Mkono mmoja uliokomaa unatoa vipandikizi viwili au vitatu, na wenye bustani za miche kando ya Ngong Road wanajua thamani yake.

Ila kuna onyo, na nalisema kwa uzito ule ule wa furaha yangu. Nchi hii imeshaumizwa na dungusi wa kigeni. Laikipia, mpungate ulioletwa zamani kwa ajili ya ua na mapambo ulitoroka. Ndovu na nyani wakala matunda yake, wakasambaza mbegu, ukameza malisho, na vijiba vyake vidogo vikaumiza vinywa na matumbo ya mbuzi na ng'ombe wa wafugaji. Ilibidi kuletwa wadudu maalumu wanaoufyonza ili kuupunguza nguvu. Mpitaya si mpungate, lakini ni ukoo mmoja, na mwenye kuuleta au kuupanda anapaswa kuulinda. Vipande ulivyopogoa usivitupe mtaroni vikaelea hadi Bwawa la Nairobi. Vioteshe au vianike juani mpaka vikauke kabisa. Na mtu yeyote asijitie ujanja wa kuficha vipandikizi kwenye sanduku akitoka Dubai au Thailand, kwa sababu mmea wa kigeni unaingia kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na sheria hiyo ipo ili kuzuia magonjwa kama ule ukungu unaoozesha shina ambao umewatesa wakulima wa Asia. Wala hakuna haja ya magendo. Mipitaya mizuri ipo nchini tayari. Nunua kwa mwenye mche, mwombe akuonyeshe mmea mama, uliza rangi ya tunda, kagua shina kama lina madoa.

Ukiniuliza uanze lini, nitakuambia kipandikizi kifunge gaga Februari, kiingie udongoni mvua za Machi zinapokaribia, kiwe kimeshika mizizi kabla ya baridi ya Juni. Anza na viwili, mwekundu kwa ajili ya ulimi na mweupe kwa ajili ya kuuchavusha, vyombo viwili vikae karibu karibu ili usiku wa maua brashi isisafiri mbali. Mimi vyangu nimeshapewa, vyote viwili, vinakauka kidonda nyuma ya mlango. Nguzo fundi amenichongea. Kama kuna mwenye bodaboda hapo Makina, Kibera, aliyebadilisha tairi wiki hii, asilitupe, naja kulichukua.